Safu ya Nne ya Daftari: Kutafuta Kinachochochea Tiki za Mtoto

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliowasindikiza wadogo zenu, habari za mchana.

Kabla sijaanza nina ombi moja. Humu ukumbini wamo watoto wenye tiki. Mmoja akirusha bega, akipepesa macho au akiguna, tafadhali tusigeuke. Endeleeni kunitazama mimi, hata kama sina cha kutazamwa. Sababu ya ombi hili mtaiona nikifika katikati.

Nikisema tiki sizungumzii ile alama ya mwalimu pembeni ya jibu sahihi. Nazungumzia mjongeo wa ghafla, mfupi, unaojirudia bila mdundo maalumu: kope zinapepesa kwa nguvu, pua inakunjwa, shingo inatupwa upande, bega linaruka. Hizo ni tiki za misuli. Zipo pia za sauti, kama kusafisha koo lisilo na kitu, kuvuta kamasi zisizokuwepo, kuguna. Leo nitakaa na zile za misuli, maana ndizo zilizobisha hodi nyumbani kwangu.

Mimi si daktari. Ni mama wa mtoto aliyeanza kupepesa macho akiwa na miaka 6, na sasa ana 13. Nimesoma nilichokiweza, nimewauliza wanaojua, na katikati ya hapo nimeboronga mengi. Waandaaji waliniomba nizungumzie vichocheo na nafuu za asili. Nadhani walitarajia orodha ya vyakula. Nitawaangusha kidogo.

Tulianzia kwa daktari wa macho. Wazazi wengi wa mtoto anayepepesa huanzia hapo, na si kosa, kwa sababu macho makavu, mzio na kutoona vizuri navyo humfanya mtu apepese. Macho ya mwanangu yalikuwa mazima. Tukarudi na matone ya kulainisha. Baada ya wiki tatu hivi kope zikatulia, nami nikayasifu yale matone kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Mwezi uliofuata bega la kushoto likaanza kuruka. Matone ya macho na bega wapi na wapi?

Hapo ndipo pana jambo ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza. Tiki zina kujaa na kupwa, kama maji ya bahari. Zinapanda wiki hizi, zinashuka wiki zile, zinahama kutoka kope kwenda pua, kutoka pua kwenda shingo, bila mtu kufanya lolote. Sasa jiulizeni: mzazi hutafuta dawa lini? Haitafuti maji yakiwa yamekupwa. Anaitafuta wakati wa bamvua, maji yakijaa kuliko siku zote, mtoto anaporuka bega mara 20 katika mlo mmoja na jamaa wameanza kuuliza. Siku hiyo ananunua chupa, anafuta maziwa, anaficha sukari. Na baada ya bamvua maji hushuka tu, ndiyo desturi yake. Anayepata sifa ni chupa. Ndiyo maana kila mzazi utakayekutana naye ana dawa yake iliyomponya mwanawe, na hakuna dawa mbili zinazofanana. Hawadanganyi. Wameona kwa macho yao, kama mimi nilivyoyaona matone.

Kuna la kutuliza moyo pia. Tiki si jambo la nadra: watafiti hukadiria kwamba hadi mtoto 1 kati ya 5 hupitia tiki za namna fulani katika umri wa shule, wavulana zaidi kuliko wasichana. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, hufikia kilele kwenye miaka 10 hadi 12, kisha kwa walio wengi hupungua ujana unapoingia. Wengi huwa nazo chini ya mwaka mmoja, zikaondoka zilivyokuja. Zikipita mwaka, na mtoto akawa na tiki kadhaa za misuli pamoja na ya sauti hata moja, ndipo daktari hutaja jina la Tourette. Ni jina la tabibu Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa 9 mwaka 1885. Watu wakisikia jina hilo hufikiria mtu anayetukana ovyo barabarani. Hao ni wachache sana kati ya wenye hali hiyo.

Na si malezi. Hali hii hutembea ndani ya ukoo. Mume wangu husafisha koo tangu enzi za uchumba wetu. Mimi nilidhani ni haya.

Turudi kwenye daftari. Baada ya bega kuanza, nilinunua daftari la shule nikachora safu tatu: saa, tiki gani na mara ngapi, amekula nini. Wiki tatu niliandika kila kilichoingia kinywani mwa yule mtoto. Nikafuta maziwa, nikafuta ngano, nikafuta kila chenye rangi. Mtoto akapungua uzito. Akaanza kuogopa sahani yake mwenyewe. Bega likaendelea kuruka, likapoa, likaruka tena, na safu ya chakula haikunionyesha chochote ambacho ningeweza kumwambia mtu bila kuona haya.

Sisemi chakula hakihusiki kwa mtoto yeyote duniani. Ninachosema ni kwamba ukikishuku kitu, kishuku kwa haki. Kiondoe kimoja tu, si vitano kwa mpigo. Kaa bila hicho wiki kadhaa, si siku mbili. Kisha, na hapa ndipo wengi tunapokwepa, kirudishe uone. Kama tiki hazikupanda kiliporudi, basi hakikuwa chenyewe, mpe mtoto maziwa yake. Na usifute kundi zima la chakula kwa mtoto anayekua kabla hujazungumza na daktari.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyopata jibu ambalo sikulitafuta. Nilisafiri siku nne, nikamwachia daftari dada yake, wakati huo ana miaka 11. Niliporudi nikakuta safu ya chakula ni tupu kabisa. Badala yake alikuwa amechora safu ya nne pembeni, kwa kalamu ya kijani, mstari umepinda, na juu yake ameandika: “Nini kimetokea.” Chini yake, kwa mwandiko wake wa kubana:

“Mgeni kamuuliza una nini.”
“Zamu yake kusoma kwa sauti imekaribia.”
“Anapiga kinanda, hakuna.”
“Baba kasema acha. Zikawa nyingi.”
“Mama kapiga simu kauliza bega vipi. Zikaanza.”

Hiyo ya mwisho niliisoma nikiwa bado nimesimama, begi begani.

Baadaye mtaalamu wa saikolojia alinieleza kilichomo ndani ya mistari ile mitano. Tiki haitoki hewani. Kabla yake wengi huhisi kitu: mwasho, mbano, joto, namna ya jambo lisilotimia katika sehemu ile ya mwili, na tiki ndiyo inayolituliza kwa muda mfupi. Chukueni chafya inayokaribia puani. Unaweza kuizuia kidogo, lakini haikuachii mpaka itoke. Watoto wadogo sana mara nyingi hawawezi kuueleza mwasho huo. Wakikaribia miaka 10 wengi huanza kuutaja. Sasa mtu mwenye chafya puani ukimwambia “usipige chafya”, umemfanyia nini? Umeipeleka akili yake yote puani. “Acha hilo bega” hufanya kazi iyo hiyo. Kuzitaja tiki, kuzitazama, kuziulizia kwa huruma, vyote huziita. Hata huruma, ndugu zangu. Mimi sikuwa nikimgombeza. Nilikuwa nikiuliza kwa upole kabisa, mara nane kwa siku.

Upande wa pili wa tiki una mambo pia, na huu hauna raha kuusikia. Yaani kinachofuata baada yake. Kwetu, bega likizidi wakati wa kazi za shule, nilikuwa nafunga kitabu: “Pumzika mwanangu.” Likizidi mezani, mdogo wake anasogezwa, na yeye anapewa kiti cha karibu nami. Mtoto haigizi, naomba hili lishikwe vizuri. Lakini ubongo hujifunza bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na ubongo wake ulikuwa unajifunza kwamba baada ya bega kuna mapumziko. Tulichobadilisha ni kidogo tu: mapumziko yakawa kila baada ya dakika 20, tiki ziwepo zisiwepo. Hatukumnyima kupumzika, tulikata ile kamba kati ya bega na kufungwa kwa kitabu. Nikiulizwa ni nafuu gani ya asili iliyotusaidia upesi kuliko zote, ni hii, pamoja na kufunga midomo yetu. Haina harufu wala haiuzwi kwenye chupa.

Vichocheo vingine viko wazi zaidi. Uchovu ni mkubwa wao. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na wetu alikuwa akilala 8 kwa sababu ya mdogo wake kulia usiku. Tulibadilisha vyumba. Wasiwasi ni kichocheo, mafua na homa ni vichocheo. Na msisimko wa furaha nao ni kichocheo, jambo ambalo huwashangaza watu: siku ya kuzaliwa, mkesha wa safari, fainali ya mpira. Hapa naomba tusiwe na wazimu. Hakuna anayefuta sherehe ya mtoto ili bega litulie. Kujua kichocheo si lazima kukiondoa. Mara nyingine ni kujua tu kwamba Jumamosi ile maji yatajaa, ili usikurupuke na chupa mpya Jumapili.

Kipo kichocheo kimoja kidogo ambacho nakipenda kwa udogo wake. Kulikuwa na miezi ambayo shingo yake ilikuwa ikijitupa nyuma. Dada mtu aliandika: “Shati la bluu.” Nikaligeuza. Nyuma ya kola palikuwa na lebo ngumu yenye kona kali, imeshonwa kwa uzi wa plastiki. Nikaikata, nikachomoa na uzi. Shingo haikupona, lakini ilipungua waziwazi siku za shati hilo. Kola inayobana, nywele zinazoanguka machoni, miwani inayoteleza: vitu kama hivi huamsha mwasho mahali penye tiki tayari. Vikagueni kabla hamjakagua jokofu.

Nafuu yenye ushahidi mzito haina dawa ndani yake, na inasikitisha kwamba wengi hawajaisikia. Ilianza na wanasaikolojia wawili, Azrin na Nunn, mwaka 1973. Mtoto hufundishwa kuutambua mwasho unapoanza, kisha kufanya kitendo kingine kisichoweza kwenda pamoja na tiki ile. Kwa bega: anashusha mabega taratibu, anabana viwiko kwenye mbavu kwa nguvu ndogo, anakaa hivyo dakika moja au mpaka mwasho upoe, huku akiendelea kusikiliza somo. Kwa shingo: kidevu chini kidogo, misuli ya shingo imekazwa kiasi, macho mbele. Kwa kope: anapepesa polepole kwa kukusudia huku ametuliza macho mahali pamoja. Hilo huunganishwa na kazi ya vichocheo niliyoieleza, ya kabla na ya baada, pamoja na kujifunza kupumua na kulegeza mwili. Mwaka 2010 huko Marekani yalichapishwa majaribio ya watoto 126 wa miaka 9 hadi 17. Kwa wiki 10 baadhi walifundishwa njia hii, wengine walipewa ushauri na elimu tu. Waliopata nafuu ya kuonekana walikuwa asilimia 52.5 upande wa kwanza na 18.5 upande wa pili. Mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani wa mwaka 2019 unaitanguliza njia hiyo mbele ya matibabu mengine.

Mkiisoma hesabu hiyo vizuri mtaona pia kwamba karibu nusu haikuwasaidia kiasi hicho. Na wale 18.5 ni bahari ile ile ninayoisema, pamoja na nguvu ya kusikilizwa.

Mtu ataniuliza: kuzuia si ndiko kunakofanya zilipuke baadaye? Imani hiyo ni ya zamani, lakini watafiti walipowapima watoto baada ya kuzizuia, hawakuukuta mlipuko huo. Mtoto anayerudi kutoka shule akaruka bega jioni nzima huenda amechoka, huenda amefika mahali asipotazamwa vibaya. Mimi nalichukua kama sifa ya nyumba.

Mengine ya asili nitayapitia haraka. Mazoezi ya mwili husaidia wengi, hasa mchezo anaoupenda mwenyewe. Muziki, kuchora, kazi yoyote ya mikono inayomeza akili: mwanangu akiwa kwenye kinanda bega hulala kabisa. Vinywaji vyenye kafeini tuliviondoa kwa ajili ya usingizi, na kwa hilo pekee vilistahili kuondoka. Magnesiamu, mafuta ya samaki na vitamini husifiwa sana. Ushahidi wake kwa tiki ni mdogo na hautoshi, na msidhani kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru: vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huumiza neva za mikono na miguu. Ukiamua kujaribu, daktari ajue chupa, kipimo na tarehe. Na jaribu wakati wa maji kupwa, uone kama una ujasiri.

Kwenye daftari nina onyo. Tuliendelea nalo mno. Akiwa na miaka 10 mwanangu alilikuta juu ya kabati, akaenda kwenye ukurasa wa siku ile, akaandika katika safu ya nne ya dada yake: “Wananihesabu.” Alikuwa sahihi. Kutazamwa ni kichocheo, nasi tulikuwa tumemwekea mtazamaji wa kudumu. Kwa hiyo ushauri wangu ni wiki mbili, dakika 10 kwa wakati ule ule kila siku, kwa mbali, kisha funga. Akishakuwa mkubwa wa kutosha, mwambie, na umwachie yeye kalamu. Video fupi moja mbili za simu, kwa ridhaa yake, zinafaa kwa daktari, maana tiki zina kawaida ya kupotea mlangoni mwa kliniki.

Tena, mara nyingi si tiki zinazomtesa mtoto bali zile zinazofuatana nazo: kukosa umakini na utulivu, mawazo yanayomlazimisha kurudiarudia mambo, wasiwasi. Hayo yatibiwe kwanza kama ndiyo yanayomuumiza. Na tiki ikimuumiza mwili, ikimnyima usingizi au shule, dawa zipo, daktari ataeleza faida na madhara yake. Mzazi anayempa mwanawe dawa hajashindwa lolote.

Kuna mijongeo ambayo haisubiri daftari. Mtoto akipotewa na fahamu, akikodoa macho asikusikie, au akianguka. Mikono ikianza kuchezacheza kwa mtiririko usiokatika, akidondosha vikombe, mwandiko ukiharibika, hasa wiki au miezi michache baada ya kuumwa koo: hiyo inaweza kuhusiana na homa ya baridi yabisi, na moyo unapaswa kuangaliwa. Mijongeo mikali iliyolipuka kwa siku moja mbili pamoja na hofu kuu au kukataa kula. Mijongeo iliyoanza baada ya dawa mpya. Shingo inayorushwa kwa nguvu kisha mikono ikafa ganzi au kulegea. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Walimu nimewaacha mwisho kwa sababu mmoja wenu amenikamata mlangoni akaniuliza afanye nini na mtoto mwenye tiki kwenye chumba cha mtihani, wenzake wanapogeuka kila bega linaporuka. Mwalimu, kwanza zungumza naye peke yake mapema, umuulize anachotaka, wengine hawataki kutengwa. Akikubali, mpe chumba kingine na muda wa ziada, maana kuzuia tiki na kukokotoa hesabu ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Akipendelea kubaki, mkalishe nyuma au pembeni, asiwe na macho ya watu mgongoni. Na msimamizi, popote atakapokuwa, akae na gazeti lake, alisome kwelikweli.